Mstari wa Nne

Evanthia Kapsali aliogopa Alhamisi kuliko siku nyingine yoyote ya wiki. Alhamisi jioni darasa la watu wazima lilikuwa na kipindi cha historia, na katika kipindi hicho kila mwanafunzi alisimama mbele na kusoma kazi yake. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Asubuhi alikama mbuzi, mchana alisafisha ngazi za majengo matatu mjini, na jioni alikaa kwenye dawati lililombana magoti. Jina lake lilipoitwa alifanya ishara ya msalaba chini ya dawati, kwa kidole gumba tu, mtu asione.

"Kijiji chetu cha Petrovrysi," alisoma, "kilianzishwa na shujaa aliyerudi kutoka vita vya Troia. Alipiga mwamba kwa mkuki wake, na maji yakatoka."

"Na mita ya maji alifunga nani?" aliuliza Pantelis, dereva wa teksi aliyekaa nyuma. "Huyo shujaa angekuwa hai ningempeleka kwangu, bomba langu linavuja tangu Krismasi."

Darasa zima lilicheka. Evanthia naye alijaribu kucheka. Mwalimu Foivos, kijana wa miaka thelathini aliyevaa sweta lililotoboka kiwiko, hakucheka.

"Bi Evanthia, haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye simu, mwalimu. Sikuridhika na mahali pamoja. Nimeyakuta mahali patano."

"Patano? Au ni mtu mmoja aliyenakiliwa mara tano?"

Evanthia aligeuza karatasi yake upande wa pili.

"Huyo wa kwanza kuandika alikuwa nani? Aliona, au aliambiwa? Kama aliambiwa, na nani, na miaka mingapi baadaye?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi hicho si chanzo. Ni uvumi uliovaa koti la Jumapili." Aliligeukia darasa. "Si kosa la Bi Evanthia, na wewe Pantelis acha kukenua meno, ya kwako nimeshayasoma. Kila mtu aniletee chanzo kimoja cha kijiji chake kutoka zamani za Wagiriki au za Warumi. Kimoja tu, lakini cha kweli. Mniandikie na mahali kilipo hasa, ili anayetilia shaka aende akatazame. Usipoandika kilipo, unaniomba nikuamini. Mwanahistoria haombi kuaminiwa."

Evanthia aliyaandika maneno hayo kwenye kava la daftari. Akiwa kwenye basi la kurudi aliyasoma tena na tena, kama mtu anayesoma zaburi.

*

Jumamosi alikwenda maktaba ya mji moja kwa moja kutoka kazini. Alisahau kuvua aproni.

"Usafi ni Jumatatu, mama," alisema mzee mtunza maktaba bila kuinua macho.

"Sikuja kusafisha. Nimekuja kusoma."

Mzee yule alipotazama vizuri, masikio yalimwiva. Labda ndiyo sababu alihangaika kwa ajili yake kuliko kawaida. Alipanda ngazi, akashusha kitabu kizito chenye ngozi iliyobanduka, akakifuta kwa mkono wa shati. Humo zilikuwamo nakala za maandishi ya mawe yote ya wilaya, zilizochukuliwa na wasafiri zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Maelezo yalikuwa kwa Kilatini, na mzee alimsomea polepole.

"Petrovrysi. Katika ukuta wa kanisa la Mtakatifu Nikolaos. Mistari mitatu. Aliyenakili anasema aliliona mwenyewe. Na hapa mtu ameongeza baadaye: kanisa limeanguka kwa tetemeko, jiwe halijulikani lilipo."

"Linasema nini?"

"Ni la kumwacha mtumwa huru. 'Kallis binti Damon anamwachia huru Zopyra, mjakazi wake. Anamweka wakfu kwa mungu Sarapi. Mtu yeyote asimguse.' Walifanya hivyo siku hizo, walimkabidhi mtu kwa mungu ili wanadamu wamwogope."

Evanthia hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama mchoro. Msafiri alichora herufi moja moja, na alichora pia ufa ulioanzia pembe ya juu kulia, ukashuka na kuukata mstari wa pili, kisha ukajikunja kama mguu wa kuku.

Alikuwa anaujua ufa ule. Kwa miaka ishirini na minane, kila Wiki Takatifu kabla ya Pasaka, brashi yake ya chokaa ilipita hapo, na kila mwaka ufa ulimeza chokaa nyingi kuliko ukuta wote.

*

"Mkwe, huo ukuta umekukosea nini?"

Bibi Diamanto, mama wa mumewe, alisimama mlangoni mwa zizi na mkongojo wake. Evanthia alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, akikwangua jiwe kwa mwiko wa mbao na maji ya uvuguvugu. Chokaa ilitoka kwa magamba, tabaka juu ya tabaka, Pasaka juu ya Pasaka. Chini yake zilijitokeza herufi.

"Mama, jiwe hili lilitoka wapi?"

"Litoke wapi? Kanisani. Kanisa lilipoanguka kila mtu alichukua mawe. Baba mkwe wangu alilileta kwa punda. Jirani hapa chini ana kichwa cha nguzo, anapasulia kuni juu yake. Dhambi gani? Mtakatifu Nikolaos mwenyewe alijengewa kanisa jipya, tena lenye kengele ya umeme."

"Wewe ulimwona akilileta?"

"Nilikuwa bibi arusi wa wiki mbili. Nilimshikia punda."

Evanthia alitoa daftari mfukoni mwa aproni, akaandika: *Diamanto Kapsali, miaka themanini na minne, aliona kwa macho yake.* Bibi Diamanto alicheka hadi akakohoa. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kuyaandika maneno yake.

Mbuzi walikuwa wamekanyaga samadi na udongo kwa miaka mingi chini ya ukuta. Evanthia alichimba shubiri moja kwa jembe dogo, ili apate pembe ya chini. Hapo ndipo mwiko ulipokwama kwenye herufi nyingine. Mstari wa nne. Kitabu hakikuwa nao. Labda siku ya yule msafiri sehemu ile ilikuwa imefukiwa, au aliona jua linazama akachoka. Evanthia aliunakili herufi kwa herufi bila kuelewa neno hata moja.

Evanthia hakumwambia mumewe. Argyris alikuwa hapendi habari za shule. Tena tangu Septemba, walipomwaga zege la msingi wa nyumba ya binti yao Lemonia kando ya zizi, alikuwa hapati usingizi, na ukitaja jembe au udongo aliwaka. Evanthia alidhani ni wasiwasi wa harusi. Harusi ilikuwa Juni, na nguzo ndiyo kwanza zilikuwa zimesimama.

*

Alhamisi ya mwisho kabla ya likizo ya Pasaka, Mwalimu Foivos aliisoma kazi ya Evanthia kwa sauti, kisha akaketi.

"Mmeusikia mstari wa nne?" alisema. "Unasema: 'Lakini abaki kwa Kallis, amtumikie, mpaka Kallis atakapokufa.'"

"Kumbe hakuachwa," alisema Pantelis.

"Aliachwa kwa mdomo. Kitabu kimesema Zopyra aliondoka huru, na waliofuata wote wamekinakili kitabu. Hakuna aliyedanganya. Walisoma mistari mitatu tu, basi. Bi Evanthia ndiye mtu wa kwanza kupiga magoti akachimba."

Pantelis alipiga makofi mara moja, kwa aibu, na wengine wakafuata. Evanthia aliinamisha kichwa. Moyoni alisema, Bwana, usiniache nijivune.

Kipindi kilipokwisha mwalimu alimfuata kwenye ngazi. "Unajua kwamba sheria inatutaka tutoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale. Wewe na mimi. Mahali lilipo umeandika vizuri sana."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Evanthia, akidhani amesifiwa.

*

Simu ililia Jumatatu Takatifu, wakati Argyris anakula dengu. Aliisikiliza kwa muda mrefu. Alijibu "ndiyo" mara tatu na "karibuni" mara moja. Alipoiweka mezani kijiko kilikuwa bado kiko mkono wa pili, na dengu zilikuwa zimemwagikia goti.

"Nani amekufa?" aliuliza Bibi Diamanto.

"Jumatano saa nne asubuhi," alisema Argyris. "Watu wa mambo ya kale. Wanakuja kwangu. Wana jina langu, wana jina la kijiji, wanajua mpaka zizi." Alimgeukia mkewe. "Wamejuaje zizi langu, Evanthia?"

"Nililiandika. Kwenye kazi ya shule. Mwalimu alisema tuandike chanzo kilipo."

"Kilipo! Si ungeandika kipo mbinguni! Kipo kwa babu yake mwalimu!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Watu wote wa kijiji hiki wana mawe. Nani ameandika? Nani?"

"Argyris, ni jiwe tu. Walichukue. Mama ameshuhudia lilivyokuja."

"Umeniandika na mimi?" alisema Bibi Diamanto. "Mungu wangu, sasa na mimi niko serikalini."

Argyris alifunga mlango, akafunga na dirisha. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na hilo lilimtisha Evanthia kuliko makelele.

"Si jiwe. Jiwe si kitu. Wakija kutazama jiwe watatazama kiwanja."

"Kiwanjani kuna nini?"

"Septemba. Siku ya katapila. Saa tatu asubuhi lilinyanyua vigae. Vikubwa, vimeegemeana kama paa. Chini yake mifupa. Midogo." Alionyesha kwa mikono, na mikono ilikuwa karibu sana. "Dereva alizima injini, akaniuliza, 'Tufanyeje, bosi?' Gari la zege lilikuwa limeshatoka mjini. Nikamwambia afukie aendelee."

Mbuzi mmoja alilia nje.

"Ningesimamisha, wangezungusha wavu," alisema Argyris. "Mmeuona wavu kwa kina Skordas. Miaka kumi na moja! Mzee amekufa, mtoto wake amekwenda Ujerumani, na mtini umeota sebuleni. Lemonia angeolewa akakae wapi, juu ya mti? Na sasa si wavu tu. Ni kuficha. Ni jela."

Mlango wa chumba ulifunguka. Lemonia alikuwa amesimama hapo na kipande cha kitambaa cha pazia mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama," alisema, "katika dunia nzima hukupata chanzo kingine?"

*

Jumanne Bibi Diamanto aliamka mapema akachanganya chokaa. "Tupake," alisema. "Wiki Takatifu kila mtu anapaka. Wakute ukuta mweupe, wanywe kahawa, waende zao. Nimeficha mambo makubwa zaidi wakati wa vita."

"Wana nakala, Mama," alisema Evanthia.

"Nakala ya nini? Karatasi!"

Argyris alivuka uwanja akiwa na nyundo kubwa, ile ya kuvunjia mawe shambani. Evanthia alimkimbilia. Alipofika zizini mbuzi walikuwa wamejibana kwenye kona, na Argyris alikuwa amevua koti.

"Sogea."

"Unataka kufanya nini?"

"Kokoto. Wakija, utasema ulikosea. Uliona mikwaruzo ukadhani ni herufi. Nani atashangaa? Mwanamke wa kusafisha ngazi, shule ya jioni. Watacheka, wataondoka."

Maneno yale yalimwingia Evanthia taratibu. Kule darasani alikuwa amechekwa na watu asiowajua. Huyu alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na minane.

"Watacheka," alikubali. "Na wewe utacheka nao?"

Argyris aliinua nyundo. Evanthia alifumba macho akaita jina la Mama wa Mungu. Ulisikika mlio mkavu, mbuzi wakaruka, na vumbi jeupe likajaa zizi zima. Alipofumbua macho, pembe ya juu kushoto ya jiwe ilikuwa imeruka, pale pasipokuwa na herufi. Maandishi yalikuwa mazima.

Argyris alikuwa ameketi kwenye samadi. Nyundo ilikuwa kando.

"Namwota mtoto yule," alisema. "Kila siku. Hasemi kitu. Ananitazama tu jinsi ninavyomwaga zege."

Evanthia alipiga magoti mbele yake. Hasira yake ilikuwapo bado, lakini hofu ya mumewe ilikuwa kubwa kuliko hasira, na hapakuwa na nafasi ya vyote viwili. Argyris aliinuka, akaenda kwenye trekta, akafungua sanduku la spana. Alirudi na soksi ya sufu iliyofungwa fundo. Ndani kulikuwa na chungu kidogo cha udongo, cha ukubwa wa chungwa, chenye mdomo mwembamba upande mmoja kama wa kunyweshea mtoto.

"Kilikuwa mkononi mwake," alisema. "Sikuweza kukimwagia zege."

"Argyris."

"Najua. Hiki nacho ni kosa. Kila ninachokigusa ni kosa." Alikifunga tena. "Kesho waonyeshe jiwe. Zungumza nao wewe, si ni lako? Lakini kiwanja, hapana. Niapie, kwa ajili ya Lemonia."

Evanthia hakuapa, lakini hakukataa. Siku nzima alisafisha nyumba. Alipanga vikombe, akavipangua. Akiwa mbele ya picha takatifu alimwomba Mungu awapofushe macho wageni, kisha akaona haya kwa ombi lile, akaomba asamehewe, na dakika kumi baadaye akaliomba tena.

*

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi wa makamo mwenye buti za matope. Jina lake lilikuwa Roubini Zervou. Alikataa kahawa mpaka alione jiwe, na alipoliona alipiga magoti pale pale alipopiga Evanthia. Aliufuata mstari wa nne kwa kidole, midomo ikicheza.

"Uko sahihi kila herufi," alisema. "Nimeona nakala za wataalamu zilizo mbovu kuliko yako, bibie." Kisha kidole kikapanda juu kushoto. Kilisimama kwenye pembe iliyovunjika, iliyong'aa kama sukari. "Hili pigo ni la juzi au la jana?"

Argyris alitazama viatu vyake.

"Mbuzi," alisema Bibi Diamanto. "Mbuzi wetu wana pembe, binti yangu, usione hivi."

"Naona. Mbuzi wa kilo tano, mwenye mpini."

Walipotoka zizini Roubini alisimama uwanjani, akatazama nguzo za nyumba ya Lemonia, zege la kijivu, nondo zilizochomoza hewani.

"Na hapa mlipochimba msingi?" aliuliza Roubini. "Hamkukuta kitu?"

"Mawe," alisema Argyris. "Mawe tu."

"Sawa."

Waliketi jikoni. Mezani kulikuwa na bakuli la mayai meupe yaliyongoja kupakwa rangi nyekundu kesho yake. Lemonia aliegemea ukuta na mikono ameikunja. Tangu Jumatatu alikuwa hajamsemesha mama yake. Roubini alijaza fomu, akaisukuma mbele ya Evanthia.

"Soma kwanza, halafu utie sahihi. Usiione kama karatasi ya serikali tu. Itawekwa pamoja na jiwe. Miaka mia ijayo mtu akitaka kujua jiwe hili lilipatikanaje na mahali hapa pakoje, atasoma maneno yako. Hatakuwa na mengine."

Evanthia alisoma akifuatisha kidole. Mstari wa kwanza ulisema jiwe lilitoka kanisa la Mtakatifu Nikolaos. Wa pili ulisema lililetwa na familia, kwa ushahidi wa Diamanto Kapsali aliyeona. Wa tatu ulisema: *Kiwanjani hakuna kingine kilichopatikana.*

Kidole kilibaki hapo. Saa ya ukutani iligonga. Bibi Diamanto alivuta rozari yake ya sufu fundo kwa fundo. Evanthia alijua kinachomngoja upande huu na upande ule, na pande zote mbili zilimtisha sawasawa. Alimfikiria yule wa miaka mia ijayo, mtu asiyemjua, pengine mwenye aproni, akiamini kila neno kwa sababu limeandikwa na aliyekuwapo.

"Haijaisha," alisema.

Roubini aliinua macho.

"Mstari wa tatu si wangu," alisema Evanthia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi sikuona. Siwezi kuandika jambo ambalo sikuliona." Akaiweka kalamu mezani, katikati, si mbele ya mtu yeyote.

Kiti cha Argyris kilikwaruza sakafu. Alitoka nje, wakasikia sanduku la trekta likifunguliwa na kufungwa. Aliporudi uso wake ulikuwa na rangi ya chokaa. Aliweka soksi mezani, kando ya mayai, akafungua fundo.

Roubini hakugusa chungu. Aligeuza ukurasa, akaichukua kalamu mwenyewe.

"Nani aliona?" aliuliza, na sauti yake haikuwa kali.

"Mimi," alisema Argyris. "Niliona kwa macho yangu."

"Lini?"

"Septemba tarehe kumi na nne. Siku ya Msalaba."

"Wapi hasa?"

Argyris alitazama dirishani, kwenye nguzo. "Chumba cha kulala," alisema. "Chini ya chumba cha kulala cha binti yangu."

*

Roubini aliondoka na chungu ndani ya sanduku lenye pamba. Hakuahidi kitu. Alisema kuanzia leo hakuna kuweka hata tofali, na kwamba kutakuwa na barua, pengine na hakimu. Kusema wenyewe, alisema, kutahesabiwa, lakini si yeye atakayehesabu. Utepe wa plastiki wenye mistari ulifungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na mpaka saa nane mchana nusu ya kijiji ilikuwa imepita barabarani kwa polepole, kila mtu na kisingizio chake.

"Shule imewasaidia," alisema jirani wa chini, yule mwenye kichwa cha nguzo, akiegemea ua. "Mke akisoma, nyumba inasimama."

Jioni walikwenda kanisani kupakwa mafuta, kama kila Jumatano Takatifu. Watu waliwapisha kwenye foleni, na haikuwa kwa heshima. Padri alipofika kwa Argyris alinyoosha viganja vyake vilivyopasuka. Padri alivitia mafuta, na Argyris alibaki amevinyoosha muda mrefu hata baada ya padri kupita, mpaka Evanthia akavikunja kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Evanthia alipaka chokaa ukuta wa zizi, kwa sababu Pasaka haingoji barua. Alipofika kwenye jiwe, brashi ilikwenda kwa mazoea. Akaizuia. Alipaka juu, chini na pembeni, akaliacha jiwe katikati na rangi yake ya kijivu, na mistari yake minne.

Jikoni Bibi Diamanto na Lemonia walikuwa wanapaka mayai rangi. Kwa mbali Evanthia aliona mlango unafunguka. Lemonia alitoka na yai moja jekundu kwenye kiganja, kama linavyopelekwa makaburini. Hakumtazama mama yake. Aliinama akapita chini ya utepe, akatembea juu ya zege, akihesabu hatua kutoka nguzo hadi nguzo, kama alivyokuwa akifanya alipopanga kitanda kitakaa wapi na kabati litakaa wapi. Alisimama.

"Ni hapa, Baba?" aliita.

Argyris alikuwa mlangoni mwa banda la trekta.

"Kushoto kidogo," alisema.

Lemonia alisogea hatua moja, akachuchumaa, akaliweka yai chini. Lilitaka kubingirika. Alilishika kwa kidole mpaka lilipotulia.